Maji ya Loho

Doa lilianza kwenye kona ya dari, juu ya upande wa kichwa wa kitanda cha mama. Mwanzo lilikuwa dogo kama kiganja cha mtoto. Mimi ndiye niliyemlisha mama, hooyo kwa Kisomali chetu, nikamgeuza na kumwosha, kwa hiyo nililiona kila siku, na kitu unachokiona kila siku huwezi kujua kama kinakua. Shangazi aliyekuwa amekaa Masalani miezi mingi alikuja kumjulia hali, akainua macho kabla hata hajamaliza salamu. Akaniambia, "Hili lilikuwa la kona. Sasa limekuwa la chumba."

Rangi yake haikuwa ya maji. Nyumba nyingi zinazovuja hapa Garissa zina madoa ya manjano, kama chai iliyomwagikia kitambaa cheupe. Letu lilikuwa jeusi. Katikati lilikuwa jeusi kabisa, na pembeni lilififia likawa kama moshi. Sote nyumbani tulijua lilikotoka, na kwa sababu tulijua, hakuna aliyelisema kwa sauti.

Nyumba yetu ni ya mawe. Haina paa la mabati, ina slebu ya zege. Baba alikuwa akinunua mbuzi upande wa Dadaab na kuwauza sokoni hapa mjini, na faida yake yote aliiweka kwenye nyumba. Alitaka siku moja kuongeza ghorofa, ndiyo maana alimwaga slebu na kuacha nondo zimesimama kwenye pembe zote nne. Ghorofa ikachelewa. Wakati huo maalim wa dugsi ya mtaa wetu alikuwa ameondolewa kwenye kiwanja alichokuwa akifundishia watoto Kurani, kwa kuwa mwenye kiwanja alikiuza. Baba akamwambia, "Juu kwangu pamekaa bure. Panda na watoto wako." Akajenga ngazi nje ya nyumba, akasimamisha miti na kuezeka kivuli cha mabati, akaitoa slebu yake kama sadaka.

Watoto wa dugsi huandika aya zao kwenye ubao mrefu wa mti ambao tunauita loho. Wino wake ni mkaa uliosagwa, ukachanganywa na maji na gundi ya mgunga. Mtoto akishahifadhi, ubao huoshwa ili aandike aya nyingine. Maji hayo hayamwagwi ovyo. Yamebeba maneno ya Mwenyezi Mungu, kwa hiyo hayaingii mtaroni wala hayamwagwi mahali pa kukanyagwa na miguu. Dugsi iliyo chini ina kona yake ya kuyamwaga, imezungushiwa miiba, hata mbuzi hapiti. Juu ya nyumba hapakuwa na kona kama hiyo. Baba akaitengeneza. Alipanga matofali, akayapaka simiti, akapata karo dogo lisilo na tundu la kutolea maji, kwa sababu tundu lingeyapeleka mtaroni. Alisema jua litayanywa. Na ni kweli, jua la hapa hukausha nguo ya kwanza kabla hujaanika ya mwisho. Hakuna aliyefikiri kwamba slebu nayo ina kiu.

Karo lilikuwa juu ya chumba cha baba na mama.

Baba alifariki. Mwaka uliofuata mama aliamka asubuhi upande wake wa kushoto haumtii. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na nilikuwa nyumbani tu, kwa hiyo kazi ya kumtunza ikawa yangu bila mtu kunipa. Sikuhuzunika. Mimi ni mtu wa kuona haya, napenda mahali penye watu wachache, na chumba cha mama kilikuwa na mtu mmoja.

Kilikuwa pia chumba chenye baridi kuliko vyote. Vyumba vingine mchana vilikuwa kama tanuri, lakini kile kilikuwa na unyevunyevu, na ukiweka mkono ukutani ulipoa. Mama alikaa humo akitazama juu. Watoto walipoanza kusoma kwa sauti zao nyingi, aliniita.

"Unasikia? Baba yako anaandikiwa."

Alimaanisha thawabu. Mtu akifa matendo yake hukatika, lakini sadaka inayoendelea haikatiki. Kila herufi iliyosomwa juu ya slebu ile ilikuwa ikimfikia baba kaburini, na mama, ambaye hakuweza tena kusimama kuswali, alikuwa mlinzi wa mlango huo wa thawabu. Kwake lile doa halikuwa uharibifu. Lilikuwa maneno yaliyoshuka kuja kumjulia hali.

Majirani walifikiri vivyo hivyo. Waliokuja kumtazama mama waligusa ukuta chini ya doa, wakajipaka mkono usoni. Mmoja alikuja na kijiko akaomba akwangue plasta kidogo, ampe mtoto wake mwenye kikohozi.

"Kwangua," mama akamwambia, "lakini usiwe na tamaa. Ukimaliza dari, wewe utanipa yako?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya ubwabwa, nikatazama vumbi jeusi likiingia kwenye kijiko. Lilitoka kwa urahisi mno, kama unga.

Siku plasta ilipoanguka, nilikuwa nimemtoa mama uani, nimemkalisha kwenye kiti cha plastiki ili nimwogeshe. Ilikuwa karibu adhuhuri. Tulisikia mshindo kama wa gunia la sukari lililoachwa kutoka begani.

"Nini hicho?"

Nikaenda kutazama. Kipande kikubwa kilikuwa kimelala juu ya mto wake, kimevunjika mara mbili. Mahali kilipotoka nondo mbili zilikuwa wazi, nyekundu na zimevimba kama mishipa ya mguu wa mzee. Nilirudi uani.

"Plasta."

"Imeangukia wapi?"

"Juu ya mto, hooyo."

Alipangusa maji usoni kwa mkono wa kulia. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Imesubiri nitoke."

Nilikisukuma kitanda hadi ukuta wa pili. Hakupinga, lakini kuhama chumba alikataa. Tangu siku hiyo nilikuwa na hofu moja tu, na niliibeba kila nilipokwenda. Niliogopa kwamba slebu itamwangukia mama, na mimi nitakuwa jikoni nikiisikia. Nikipika nilizima redio. Nikienda dukani nilirudi nikikimbia, na wanawake wa mtaani wakadhani nina mchumba.

Kaka yangu anauza nguo Nairobi. Nilimpigia simu.

"Amelala wapi sasa?" akauliza.

"Mlemle."

"Mtoe."

"Hataki."

"Ana kilo ngapi hata akushinde?" Akacheka. Mimi sikucheka, naye akaacha. "Haya, tafuta fundi. Nitatuma pesa."

Fundi aliyekuja alikuwa mtu wa Kitui, ameishi Garissa miaka mingi, amezoea joto letu lakini si lugha yetu. Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni, kinachotosha kununua nyanya na kukataa bei.

"Mama, hujambo?"

"Mimi iko sawa, fundi. Ingia, angalia hiyo."

Alipanda juu ya meza na kugonga dari kwa mpini wa nyundo. Mahali pazima palitoa sauti fupi na kavu. Alipofika kwenye doa sauti ikawa ya kitu kitupu. Akanitazama chini.

"Umesikia? Kule panajibu. Hapa hakuna mtu ndani."

Akachomoa kipande kwa patasi, akakisugua kwa kidole, akakinusa. Akatikisa kichwa. "Haya ni maji ya choo. Huko juu kuna choo?"

Katika maneno yote ya Kiswahili, mama alilijua hilo vizuri.

"Choo? Nani nasema choo?" Akajiinua kwa kiwiko chake cha kulia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tangu augue. "Wewe toka! Choo ni mdomo yako! Toka na nyundo yako!"

Fundi alishuka mezani haraka hadi akasahau kofia. Nikamfuata nje nikiwa nimeishika. Mikono yake miwili ilikuwa imeinuliwa kidogo, kama mtu aliyevunja chombo dukani.

"Nimesema nini mbaya?"

Nilimweleza nikitazama ardhi. Nilimweleza loho, na wino, na karo. Nilitumia muda mrefu kwa sababu sijazoea kuzungumza na mwanamume nisiyemjua. Alipoelewa, alipokea kofia lakini hakuivaa.

"Mwambie mama nimekosa. Mwambie kweli, usiseme tu." Kisha akaangalia juu, watoto walikokuwa wakisoma. "Lakini dada, maji hayajui yamebeba nini. Yakifika kwa nondo ni kutu tu."

Akapanda ngazi. Nilisikia watoto wakimuuliza kama ameleta peremende, na fimbo ya maalim ikigonga slebu ili wanyamaze. Aliporudi hakuwa na haraka tena.

"Slebu ya chumba hiki yote itolewe, na kipande cha kile cha pili. Hakuna cha kuziba hapo. Ukiziba na rangi unamfunika mgonjwa shuka. Wale watoto ni wengi?"

"Ni wengi."

"Wanaruka?"

"Wakiachiwa, wanaruka."

"Basi waondoke kwanza, na mama aondoke. Mimi siwezi kugonga hata msumari kabla ya hapo."

Nilirudi kwa mama. Nilimwambia fundi anaomba radhi, na kwamba karo lina ufa, litahitaji kutengenezwa. Mama alinitazama.

"Yeye amezungumza maneno mengi, na wewe umeniletea machache. Lete yaliyobaki."

Nikayaleta yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akageuza uso.

"Baba yako alitoa. Aliye hai hawezi kwenda kumpokonya maiti alichotoa. Unajua anafananishwa na nini mtu anayerudia sadaka yake?"

Nilijua. Kila mtoto aliyepita dugsi anajua habari ya mbwa anayerudi kula matapishi yake.

"Lakini itakuangukia, hooyo."

"Nikifa chini ya maneno hayo, wewe unalia nini?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba mama hataondoka kwa sababu yangu, wala ya kaka, wala ya fundi. Mtu pekee aliyeweza kumtoa ni maalim mwenyewe. Ilibidi mtu amwambie. Nilimpigia kaka.

"Mimi?" akasema. "Yule ni maalim wangu. Mpaka leo nikiona mtu mwenye ndevu za hina, mgongo unaniwasha. Wewe uko hapo, panda ngazi tu."

Maalim alikuwa mtu mwembamba, mwenye ndevu nyekundu za hina na fimbo ambayo aliitumia zaidi kugonga sakafu kuliko kumgonga mtu. Nilikuwa nikimpelekea chai kila siku baada ya alasiri. Siku ile nilipanda nikiwa nimepanga maneno. Niliweka birika mbele yake.

"Mama anaendeleaje?"

"Alhamdulillahi."

Nikashuka. Kesho yake nikapanda na maneno yaleyale, nikashuka nayo. Ningewezaje? Alinifundisha herufi ya kwanza. Kumwambia kwamba maji ya loho yanabomoa nyumba yetu kulikuwa kama kumwambia kwamba dua yake imetudhuru. Na kila fimbo yake ilipogonga slebu nilijua chini yake kuna nini, na maneno yakazidi kurudi nyuma.

Kisha siku moja, nikiwa jikoni napanga birika na kikombe kwenye sinia, niliona vile vipande vya plasta nilivyokuwa nimevihifadhi kwenye beseni, kwa sababu sikujua pa kuvitupa. Nilichukua kimoja, upande wenye weusi juu, nikakiweka kando ya kikombe. Nikapanda. Niliweka sinia mbele ya maalim na sikuondoka.

Alikiokota, akakigeuza. Alikijua kile cheusi kabla sijafungua mdomo.

"Kimetoka wapi?"

"Chini. Juu ya mama."

Mtoto mmoja alikuwa akipiga kelele nyuma, na maalim alikuwa ameshainua fimbo ili agonge. Haikushuka. Aliishika hewani, akatazama slebu kati ya miguu yake, kisha akailaza polepole kwenye mkeka.

"Inukeni," akawaambia watoto. "Mmoja mmoja. Atakayeruka atanijua."

Walishuka kwa vidole vya miguu, loho zao kifuani. Sijawahi kusikia watoto wengi hivyo wakiwa kimya.

Maalim naye alishuka. Hakuingia chumbani kwa mama. Niliteremsha pazia mlangoni, nikamwekea mkeka nje yake, naye akakaa ubavu kwa pazia. Nilibaki ndani na mama.

"Mama, mimi nawahamisha watoto," akasema.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ningejua kwamba unalala chini ya maji yangu, ningeyanywa mwenyewe."

"Unamkatia marehemu fungu lake."

"Thawabu haikatwi na fundi."

"Juu kukiwa kimya, anaandikiwa nini?"

Maalim alijisogeza kwenye mkeka. Nilisikia akikohoa. Kisha akasema kwamba nyumba ikimwangukia mgonjwa, hataweza tena kupandisha hata mtoto mmoja juu yake, na watu watasema dugsi ndiyo iliyomuua.

Mama alifumba macho. Nilifikiri amekataa. Lakini alisema, "Nina sharti. Nitatoka chumba hiki fundi akija kubomoa. Slebu ikikauka, watoto warudi. Ahadi hiyo uniwekee."

"Inshallah," akasema maalim.

Kaka alipopiga simu jioni ile nilimshikilia mama simu sikioni, naye akalirudia sharti lake. Nilisikia sauti ndogo ya kaka ikisema, "Inshallah, hooyo. Inshallah."

Watoto waliondoka wiki hiyohiyo. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alimpa maalim banda kubwa karibu na soko la mifugo. Walipita mbele ya lango letu na loho begani kama watu wanaohama malisho, na wadogo walipunga mkono kwenye dirisha la mama wakijua hawaoni ndani. Mama alitaka nimwelezee.

"Wanacheka?"

"Wengine."

"Watoto hawana adabu," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa.

Mchanga na kokoto vilichelewa kufika, na fundi hakutaka kungoja bure. Alikuja na miti, akaisimamisha kuzunguka kitanda ili ishikilie slebu, mingine imeegemea kidogo kwa sababu sakafu haikuwa sawa. Mama alizaliwa porini, kwenye kibanda cha mikeka na fito ambacho mama yake alikibomoa na kukipakia mgongoni mwa ngamia kila walipohama. Alilala katikati ya miti ya fundi akaitazama mmoja baada ya mwingine.

"Nimerudi kwetu," akasema. "Amebaki ngamia tu."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akitania.

Siku ya kubomoa tulimbeba na godoro lake hadi sebuleni. Alifunika uso kwa mtandio na hakuufunua hadi nyundo ziliponyamaza. Karo liliondoka kwanza, kwa mapigo machache, kana kwamba halikuwahi kushikana na nyumba. Slebu ilifuata. Fundi aliniita nione nondo. Alishika moja kwa vidole viwili, akaikunja, ikavunjika kama biskuti.

"Mama yako ana Mungu," akasema.

Vijana wake walikuwa wameanza kubeba vifusi kwenda kuvimwaga kwenye shimo la taka nyuma ya mtaa. Mama aliposikia toroli likitoka, alipaza sauti kutoka sebuleni. Nikalazimika kusimama langoni na kuwazuia watu wazima watatu, mimi ambaye hata kondakta nashindwa kumdai chenji.

"Hivi haviendi kwenye taka," nikasema.

"Sasa viende wapi? Ni mawe."

"Viwekwe kwenye magunia. Mama amesema."

"Yote?" Mmoja akaweka mikono kiunoni. "Hata vumbi?"

Kutoka ndani mama akajibu kwa Kiswahili chake, "Hata fumbi!"

Walicheka, lakini fundi hakucheka. Aliwaambia washike ufagio. Walifagia hadi wakafikia sakafu, wakashona magunia. Maalim alituma mkokoteni wa punda, na wanaume wakayapeleka mahali palipozungushiwa miiba kando ya makaburi. Sikwenda, kwa sababu wanawake hatuendi huko. Mama aliniuliza kama ni karibu na baba. Nikasema wameniambia ni karibu. Hawakuwa wameniambia kitu.

Kaka alikuja siku ya kumwaga slebu mpya. Alikuja na viatu vipya na rafiki yake mwenye futi ya kupimia. Alimbusu mama mkono, akaketi naye kidogo, kisha akapanda juu. Nilikuwa nikipeleka maji ya kunywa kwa vibarua nilipomsikia akimwambia fundi aongeze unene, aongeze na nondo, na miti ya kivuli isirudishwe.

"Vyumba vinne vitatosha hapa," alisema. "Vya wafanyakazi wa maofisi. Hao hulipa."

Nilisubiri hadi tuwe wawili kwenye ngazi.

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Wa maalim. Mama ameahidiwa."

Akajikuna shingo. "Maalim mwenyewe ameniambia kule wamestarehe, kuna nafasi, kuna kivuli. Mimi nimemfukuza? Na nyumba hii nani ataitengeneza tena ikiharibika, wewe?" Akanigusa bega, si kwa ubaya. "Mwambie hooyo taratibu. Wewe ndiye anayekusikiliza."

Kesho yake asubuhi akarudi Nairobi.

Simiti mpya hutaka maji. Fundi alinionyesha. Nimwagilie slebu asubuhi na jioni, isipasuke kwa jua, mpaka atakaponiambia inatosha. Nikawa napanda na ndoo. Miti ilipotolewa na dari kupakwa chokaa, tulimrudisha mama chumbani kwake. Alitazama juu muda mrefu. Dari ilikuwa nyeupe kutoka kona hadi kona, na haikuwa na kitu. Hata hewa ilikuwa imebadilika. Fundi alikuwa amechanganya dawa ya kuzuia maji, na chumba kilikuwa kikavu, chenye joto kama vingine.

"Ni safi," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Ni safi."

Baada ya hapo aliacha kulala chali. Ninamgeuza ubavu, atazame ukuta. Haulizi habari za nyumba, wala za kaka, wala za majirani, ambao sasa wanakuja kwa nadra. Anauliza jambo moja tu, kila anaposikia nikiteremka ngazi na ndoo.

"Imekauka?"

"Bado, hooyo."

"Inakunywa?"

"Inakunywa sana."

"Basi mwagilia vizuri. Watoto wasije wakapanda ikiwa mbichi."

Nimejaribu kumwambia. Huwa naanza nikiwa nimeshika kijiko cha uji, kisha anafungua mdomo apokee, nami namlisha.

Juzi fundi alipita akielekea kwenye kazi nyingine, akaniona juu kutoka barabarani. Alipanda nusu ya ngazi, akasimama.

"Dada, hii ilishaiva zamani. Si nilikwambia? Unamwagilia jiwe."

"Najua," nikasema.

Alinitazama, akatazama ndoo, akatazama chini upande wa dirisha la mama. Sijui alielewa nini. Aligusa kofia yake akashuka. Nilimsubiri avuke barabara, kisha nikamwaga yaliyobaki, polepole, upande ule ulio juu ya kitanda, ili mama ayasikie.